Nyumba Arobaini na Moja na Banda la Kuku

Kijiji kile kinapigwa picha kuliko bibi harusi. Milango yote ni ya rangi moja, samawati iliyopauka kidogo, na mlango ukionekana mpya mno unapaushwa kwa makusudi. Kila dirisha lina chungu cha maua. Barabara ni ya mawe, na mawe yanasuguliwa. Pale unapoingia kuna kibao cha bati: NI MARUFUKU KUANIKA NGUO UPANDE WA MBELE.

Nilimuuliza mwanamke aliyekuwa anafagia kizingiti chake, wao wenyeji wanaanika wapi. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia.

"Nyuma," akasema. "Jumatatu."

"Kwa nini Jumatatu?"

"Jumatatu wageni hawaji."

"Na mtoto akikojoa kitandani Jumanne?"

"Tunamwomba asirudie," akasema, akaendelea kufagia.

Mama akanivuta mkono. "Barua, waache watu na kazi zao."

Barua ni mimi. Jina hilo alinibandika Mama mwenyewe, kwa sababu tangu nilipojifundisha kusoma, kwa karatasi zilizoharibika nilizokuwa nafagia kwenye kiwanda cha uchapaji, hakuna mwenye cheo ambaye sijamwandikia. Wengine nimewaandikia wakafa, nikawaandikia waliowarithi. Mama ana miaka themanini na mitatu. Yeye hajaandika barua hata moja, na ana marafiki wengi kuliko mimi.

Basi tulilokuja nalo lilikuwa la walimu wastaafu waliokuja kutembea. Sisi tulikuja kwa ajili ya maneno mawili.

Chini ya kijiji kuna bustani, na katikati ya bustani kuna bwawa lenye bata. Juu yake kuna jumba la mwenye shamba, aliyekuwa na eneo lote hili. Yeye alishakufa zamani, lakini mali za wafu hazikosi wa kuzitunza: siku hizi kuna Bodi ya Bustani. Bodi hiyo iliamua kusimamisha jiwe kando ya bwawa na kuliandika historia, na kabla ya kuchonga wakabandika maneno yenyewe getini ili umma usome. Umma ukasoma. Yaliandikwa hivi: "Bwawa hili lilichimbwa na mwenye shamba kwenye ardhi tupu."

Ardhi tupu. Pale palikuwa na kijiji. Si hiki cha milango ya samawati. Kijiji cha watu, chenye moshi na kelele. Asubuhi moja mwenye shamba alikuwa barazani na chai yake, akasema moshi wa majiko unamwingilia kwenye mandhari. Hakusema puani, wala machoni. Kwenye mandhari. Siku kumi na tisa baadaye hapakuwa na jiko wala mpishi. Nyumba zilivunjwa, shimo likachimbwa, maji yakaingizwa, bata wakanunuliwa. Nyuma ya kilima kikajengwa kijiji kipya cha kupendeza, wakapewa madereva wake na wapishi wake. Wenye nyumba walioambiwa waondoke walitawanyika kila mtu na njia yake. Mama alikuwa na miaka ishirini na mimi nilikuwa tumboni, kwa hiyo mimi nilihamishwa kabla sijapata pa kuhama.

Niliiandikia Bodi barua sita. Ya saba wakaijibu. Walisema, kwa heshima zote, kwamba maneno ya jiwe yanaweza kusahihishwa endapo mashahidi wawili, waliokuwa watu wazima wakati huo na waliotoka nyumba mbili tofauti, watafika wenyewe na kutia saini mezani kwa karani wa kumbukumbu kabla ya saa kumi jioni ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Shahidi mmoja, waliandika, ni simulizi tu.

Nilitafuta miezi mitatu. Nilikuwa na majina kumi na moja. Tisa nilionyeshwa makaburi yao. Wa kumi hakumbuki hata watoto wake. Wa kumi na moja alikuwa Mama. Basi Jumamosi hiyo nilikuja na shahidi mmoja na hasira, nikitumaini hasira itahesabiwa kuwa wa pili.

Mama alikuwa na sharti lake. "Mezani tutakwenda," alisema, "lakini kwanza niyaone maua. Nimeyapalilia miaka sita, sijawahi kuyatazama nikiwa nimesimama."

Kwa hiyo tukayatazama. Sina la kusema juu ya maua. Yalikuwepo, mengi, kwa mistari. Mama alitembea taratibu na bakora yake, kitenge chake cha kijani kikiwa kipya, akikagua kila tuta kama mkwe anayekagua jiko la mke wa mwanawe. Hapa alitikisa kichwa, pale akaguna. Mahali pamoja aliinama, akang'oa gugu, akalitia mfukoni.

"Mama, huruhusiwi kuchuma."

"Gugu halichumwi."

Kufika saa nane na nusu tulikuwa kwenye mawaridi. Mimi nilikuwa nasoma kibao kinachoeleza kwamba mawaridi yale yalipandwa na mwenye shamba kwa mikono yake, na nilikuwa nimeshatoa kalamu. Kengele ikalia kule kwenye jumba. Kengele ndogo tu, ya kuwaita watu wa ziara ya kuongozwa. Niliandika neno moja kwenye kibao, si neno refu. Nilipogeuka, Mama hayupo.

Bakora yake ilikuwa imelazwa chini ya majani ya waridi, imefunikwa vizuri, kama mtu anayeficha.

Mtu wa miaka themanini na mitatu hapotei kwa haraka. Nilisema atakuwa hatua tatu mbele, nikaenda hatua thelathini. Nikarudi. Nikaenda kwenye nyumba ya vioo, mna joto na mimea, mtu hamna. Nikaenda kwenye choo cha wanawake, nikasimama nje, nikaita, "Mama!"

"Eeeh?" wakaitika wanne.

Hakuna hata mmoja aliyekuwa wangu. Mmoja alitoka kunitazama, akasema mtoto mkubwa hivi.

Nikamwendea mwongozaji wa ziara, kijana mwenye kofia ya majani makavu, aliyekuwa anawapanga walimu wastaafu wawiliwawili.

"Samahani, umemwona mama yangu? Mzee, mfupi."

"Amevaaje?"

"Kijani."

Mwongozaji aliitazama bustani yote, kutoka upande mmoja hadi mwingine, kisha akanitazama mimi. "Kijani," akasema.

Saa tisa ilipita. Nilizunguka bwawa. Niliona meza ya karani chini ya turubai, karani amekaa, mbele yake hakuna mtu. Nililitazama bwawa zaidi ya nilivyotaka kulitazama. Bata walikuwa wametulia, nikajipa moyo kwamba bata hawatulii palipotokea jambo.

Nilikuwa narudi kwenye mawaridi kwa mara ya nne niliposikia kicheko. Upande huo kuna wigo wa miti, mrefu kuliko mtu na mnene kama nyumba, umekatwa sawasawa kama mkate. Kicheko kilitoka mle ndani. Nikapiga magoti. Chini, nyuma ya shina, palikuwa na uwazi wa kupita mbwa. Nikaingia kwa tumbo.

Ndani ya wigo mna chumba. Kirefu, chembamba, giza la kijani, ardhi imeshindiliwa hadi inang'aa. Mama alikuwa amekaa chini, miguu imenyooshwa, anafuta machozi ya kucheka. Kando yake walikuwa wanawake wawili wa rika lake. Mmoja alikuwa mrefu mno, amejikunja mara tatu ili atoshe. Mwingine alikuwa mdogo, mkavu, ana macho ya mtu anayekudai jambo.

"Ndiye huyu?" akauliza yule mkavu.

"Ndiye," Mama akasema. "Barua, wasalimie mama zako. Huyu ni Mrefu. Huyu tulikuwa tunamwita Pilipili."

"Shikamooni," nikasema, bado kwa tumbo.

"Marahaba. Ana kichwa cha baba yake," Pilipili akasema. "Pole, shoga."

"Mama, nimekutafuta saa nzima. Umeingia humu kufanya nini?"

"Kengele ililia."

"Kengele?"

Wakaniangalia kama mtu asiyejua mvua. Mrefu ndiye aliyenieleza, polepole. Walikuwa wapalizi, ishirini na wawili. Wageni wa jumba walipotaka kutoka kutembea, kengele ililia mara moja. Hapo mpalizi anaficha jembe chini ya majani, anaingia kwenye wigo, anakaa kimya mpaka kengele ya pili. Mwenye shamba alitaka wageni waone bustani isiyo na mtu ndani yake.

"Miaka sita," Mrefu akasema. "Leo mkwe wangu amenileta nipunge upepo. Kengele ikalia, nikajiona nimo humu. Miguu imenileta. Geuka hivi, namkuta Pilipili."

"Mimi nimekuja na chama cha wazee wa mtaani kwetu," Pilipili akasema. "Wao wapo huko wanakula. Halafu ndio akaingia mama yako. Nikamwambia, umechelewa."

"Nikamwambia, magoti," Mama akasema, na wote watatu wakaanza kucheka upya.

Mimi sikucheka. Mimi nilikuwa nahesabu. Nilikuwa nimetafuta mashahidi wawili miezi mitatu, mikoa miwili, nimelala kwenye vituo vya mabasi, na hapa kulikuwa na watatu, kwenye kichaka.

"Mama zangu," nikasema, "nyinyi wawili, wakati wa kuhamishwa, mlikuwa mnaishi pale? Pale palipo na bwawa?"

"Tungeishi wapi? Juu ya mti?" Pilipili akasema.

"Nyumba tofauti?"

"Mimi na mama yako nyumba moja? Tungeuana."

Nikatazama saa. Saa tisa na dakika ishirini na tano. Nikawaeleza jambo lote: jiwe, ardhi tupu, karani, saa kumi. Nikasema twendeni.

Hakuna aliyenyanyuka.

"Kengele ya pili haijalia," Mama akasema.

"Mama, siku hizi hakuna kengele ya pili. Hii ilikuwa ya kuita wageni. Na wewe leo ni mgeni. Una tiketi."

"Tiketi ninayo." Akaitoa, akanionyesha.

"Basi?"

"Basi kengele imelia, mwanangu, na wageni hawajapita."

Na kweli, wageni ndio kwanza walikuwa wanakuja. Nilisikia kokoto zikilia. Ziara nzima ya walimu wastaafu ilikuja ikasimama mbele ya wigo wetu, hatua mbili kutoka pua yangu. Kwa chini, kati ya majani, niliona viatu.

"Na huu," ikasema sauti ya mwongozaji, "ni wigo wetu maarufu. Ulipandwa mnene hivi ili kukinga upepo."

"Upepo ndio sisi," Pilipili akanong'ona.

Nilitaka kutoka. Nasema ukweli, nilitaka. Nimewahi kusimama juu ya pipa kwenye geti la kiwanda, siku ya mgomo, mbele ya askari kumi na wawili wenye virungu. Lakini wale wanawake watatu walikuwa wamevuta miguu yao ndani, wameshikilia magoti, vichwa vimeinama, hata pumzi wamezipunguza. Na nilipojitazama nikajikuta nami nimevuta miguu, nimeshika magoti, nimeinamisha kichwa. Nilikuwa najificha nisionwe na mwalimu wa jiografia.

"Tokeni," nikanong'ona. "Mama zangu, huyo aliyewaweka humu amekufa. Mnamtii mfu."

"Punguza sauti," Mama akasema. "Utasikika."

"Nataka nisikike!" nikanong'ona.

Saa tisa na dakika thelathini na nane. Mwongozaji alieleza urefu wa wigo. Alieleza upana. Mwalimu mmoja aliuliza mkasi unaotumika kuukata ni wa namna gani, akajibiwa kwa kirefu. Saa tisa na dakika arobaini na moja.

"Jambo la ajabu," mwongozaji akaendelea, "wageni wa zamani waliandika katika barua zao kwamba hawakuwahi kumwona mfanyakazi hata mmoja katika bustani hii. Tunaamini kazi yote ilifanywa na mwenye shamba mwenyewe, akisaidiwa na mtunza bustani wake mmoja."

Mrefu, ambaye tangu wageni wafike alikuwa hajatikisika, akainua kichwa.

"Mmoja?" akasema. Hakunong'ona.

"Shoga," Mama akamshika kitenge.

"Mmoja, yule? Yule aliyekuwa anashika jembe kama kijiko cha chai? Mawaridi yale nimeyapogoa mimi. Mwiba umo mkononi mwangu mpaka leo, huu hapa, nishike!"

Na akatoka. Hakutokea kwenye uwazi wa nyuma. Hakuwa na subira nao. Alinyooka, na alipokuwa ananyooka matawi yalimpisha upande wa mbele, kichwa kwanza, kisha mabega, mpaka akawa amesimama kwenye kokoto mbele ya walimu ishirini na sita, majani kwenye nywele, mkono mbele kuonyesha mwiba. Pilipili akafuata, kwa kuwa hajawahi katika maisha yake kuacha ugomvi upite bila yeye. Mama akafuata Pilipili. Mimi nilitoka wa mwisho, kwa magoti.

Walimu walipiga picha. Mmoja alipiga makofi, akidhani ni sehemu ya ziara.

"Samahani, mama zangu," mwongozaji akasema, rangi imemtoka, "huko hamruhusiwi kuingia."

"Huko ndiko tulikokuwa tunaruhusiwa," Mrefu akasema. "Hapa ndipo tulipokatazwa. Sasa nieleze hayo mambo ya mtunza bustani mmoja."

Sikumwacha aelezwe. Nilimshika Mrefu kwa mkono mmoja, Mama kwa mkono mwingine, Pilipili nikamwomba kwa adabu atangulie, nikawavuta hadi kwa karani. Nusu ya walimu walitufuata. Ilikuwa saa tisa na dakika hamsini na mbili.

Karani alikuwa mwanamke kijana mwenye kalamu nne za rangi nne. Nilitoa hotuba yangu, kurasa tisa, nikaanza ya kwanza. Akanyanyua mkono.

"Wewe ni shahidi?"

"Mimi nilikuwa tumboni."

Alitazama fomu yake juu hadi chini. "Tumboni haimo," akasema. "Kaa pembeni, kaka."

Nikakaa pembeni. Akafungua ramani ya bwawa, akampa Mama kalamu, amwonyeshe nyumba yao ilikuwa wapi. Mama alilitazama bwawa, si ramani, akatazama kilima, akatia alama, akachora mstari na kisanduku kidogo kando yake. Mrefu akatia alama yake kule kwenye bata. Pilipili akapewa kalamu, akatia alama jirani na ya Mama, halafu akasita.

"Huu mstari ni nini?"

"Mpaka wetu," Mama akasema. "Na hili ni banda letu la kuku."

"Banda lenu?"

"Letu."

"Banda lile lilikuwa ndani ya mpaka wetu, na unajua, na marehemu mume wako alijua, na kuku wenyewe walijua ndiyo maana walikuwa wanakuja kutagia kwetu."

"Mama, tafadhali," nikasema.

"Mume wangu alilijenga kwa mikono yake!"

"Alijenga kwetu! Mtu akijenga kwa jirani linakuwa lake?"

Mrefu aliulizwa. Mrefu akasema yeye anachokumbuka ni kwamba kuku mmoja alikuwa wake. Sasa wakawa watatu.

Karani aliweka kalamu chini, zote nne. "Mama zangu," akasema, "utaratibu unasema ushahidi ukipingana haupokelewi."

Saa kumi kasoro dakika nne. Nilihisi ardhi tupu inachongwa kwenye jiwe, herufi kwa herufi.

"Ngojeni," karani akasema. Hakuwa mtu mbaya, hilo nalikubali, na si jambo ninalolikubali mara kwa mara juu ya makarani. "Mnachobishania hasa ni nini?"

"Banda," wakasema wote.

"Na nyumba je?"

"Nyumba nani anabishia?" Pilipili akasema, hata hakugeuka. "Nyumba zilikuwa arobaini na moja. Tunazungumzia banda."

"Nyumba arobaini na moja?" karani akamuuliza Mrefu.

"Arobaini na moja."

"Mama?"

"Arobaini na moja, na ya mwisho ilikuwa haina mlango, mwenyewe alikuwa mvivu," Mama akasema. "Andika kwamba banda lilikuwa letu."

"Akiandika hivyo sitii saini," Pilipili akasema, akakunja mikono.

"Asipoandika hivyo mimi sitii."

Karani aliandika "nyumba 41" kwa kalamu nyekundu na kukata "ardhi tupu" kwa mstari mmoja ulionyooka. Nimeona mambo mengi maishani, sijaona mstari mzuri kama ule. Lakini bila saini ulikuwa mstari tu. Akatazama saa ya mkononi, akanitazama mimi, kwa mara ya kwanza kama mtu mwenye faida.

"Lilikuwa la nani?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

Dakika mbili. Nikatazama bwawa. Nikamtazama Mama, kitenge chake kimechanika begani, amekunja mikono. Nikamtazama Pilipili, naye amekunja mikono.

"Andika la pamoja," nikasema.

Karani akaandika: "na banda moja la kuku, la pamoja." Nikalisoma kwa haraka na kwa sauti ndogo, nikawasogezea kalamu, nikasema hapa, na hapa, na hapa. Pilipili alitia dole gumba. Mrefu aliandika jina lake lote, herufi moja baada ya nyingine, ulimi nje. Mama aliishika kalamu, akasoma midomo yangu badala ya karatasi, akaelewa. Akatia saini. Kengele ya kufunga ikalia, na safari hii hakuna aliyekimbia.

"La pamoja," Mama akaniambia, akinirudishia kalamu. "Umegawa banda la baba yako, mbele ya watu, kwa Pilipili."

"Mama, tumeshinda."

"Nani kakuuliza habari za kushinda?"

Basi la walimu lilikuwa na nafasi, na chama cha wazee kilikuwa kimeshaondoka bila Pilipili, kwa hiyo tulirudi naye. Mama alikaa naye kiti kimoja. Mimi nilikaa nyuma yao. Njia nzima hawakunisemesha, walikuwa wananisema.

"Ndivyo alivyo tangu mdogo?" Pilipili akauliza.

"Tangu mdogo," Mama akasema. "Ukimtuma alete kitu kizima, analeta nusu."